MAPAMBO YA SHEREHE: NAMNA YA KUFANYA MAKOJA YA VITAMBAA NYUMBANI

Katika nyumba nyingi za Kenya, siku ya sherehe inapokaribia, fedha huanza kutoka mfukoni kabla mgeni hata mmoja hajabisha hodi. Mchele hununuliwa, mbuzi hutafutwa, viti na hema hukodiwa, na mwisho wa yote mtoto hutumwa dukani kuleta mapambo: maputo, tepe za kumetameta, maua ya karatasi. Watu wengi wa mashambani, sikukuu ya Krismasi ilipofika, walizoea hata kusokota karatasi laini za msalani, za waridi na za buluu, na kuzivuta chini ya dari toka pembe hadi pembe ya sebule. Zilipendeza, wala si haki kuzicheka. Walakini karatasi haina urafiki na maji. Tone moja likivuja kutoka kwenye bati, pambo zima huning'inia kama utambi. Na asubuhi ya pili yote hufagiwa pamoja na mifupa na maganda ya machungwa, na mwaka ufuatao mtoto hutumwa tena dukani.

Matumizi hayo yakitazamwa peke yake ni madogo. Lakini katika mwaka mmoja mama aweza kuwa na ubatizo wa mtoto mchanga, mahafali ya mkubwa wake, na arusi ya mdogo wake mwenyewe. Yakijumlishwa, huenda yakafika bei ya jozi ya viatu vya shule, na hakuna mtoto aliyewahi kwenda shule amevaa maputo.

Liko pambo jingine ambalo hushonwa mara moja na kutundikwa miaka mingi, nalo ni koja la kitambaa. Halihitaji cherehani wala ufundi mkubwa. Mtoto wa darasa la nne aliyekwisha kufundishwa kushika sindano anaweza kusaidia. Linalohitajiwa ni mabaki ya nguo, kamba, mkasi, na jioni tatu au nne za subira.

Neno koja kwa asili ni la maua. Pwani, maua ya asumini hutungwa uzini na kuvaliwa shingoni, na wanawake hufunga asumini pamoja na majani ya rehani kuwa kikuba cha kutia nyweleni au kifuani. Vile vile Wagujarati waliohamia Afrika Mashariki walikuja na desturi ya kutundika juu ya mlango pambo liitwalo toran, hasa siku za Diwali na za arusi. Mara nyingine toran huwa ya majani ya mwembe na maua ya manjano, mara nyingine huwa ya kitambaa kilichodariziwa, chenye ndimi zinazoning'inia kwa mfano wa majani hayo. Koja linaloelezwa hapa ni ndugu wa yote mawili: hutungwa kama la asumini na kutundikwa kama toran, isipokuwa halinyauki.

KUCHAGUA NA KUTAYARISHA KITAMBAA

Kitambaa kifaacho kuliko vyote ni pamba nyepesi iliyofumwa kwa kubana: kanga, kitenge, shuka kuukuu, au shati la shule lililokwisha kola. Merikani pia ni njema, nayo hupokea rangi vizuri. Jina lake latoka Marekani, kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Unguja na merikebu za wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Nguo za sufu ni nzito mno kwa kazi hii, na nguo za kufumwa kwa mikato, kama fulana, hujikunja kingo zinapokatwa. Hizo zafaa kwa koja la kufunga tu, ambalo litaelezwa mbele. Mwenye kukaa mjini ataona mabaki mengi kwa mafundi cherehani, ambao aghalabu huyatia guniani na kuyatupa. Asiye na fundi karibu naye atakwenda sokoni kwenye mitumba, achague shuka zenye madoa au zilizotoboka, maana hizo huuzwa kwa bei ya chini, na doa laweza kukwepwa na mkasi.

Hapa yapasa kusema neno juu ya kanga, au leso kama wasemavyo watu wa Mombasa. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuwa bado hazijatenganishwa, wakaziunga sita sita kuwa vazi moja. Hivyo vazi lenyewe lilizaliwa kwa kuunga vipande vidogo. Lakini tangu kanga ilipoanza kuandikwa maneno, si kitambaa tu, ni barua. Mwanamke aliyepewa doti na mama yake mzazi siku ya kujifungua hatapenda kuiona imekatwa vipande na kutundikwa ukutani, hata kama imechakaa hata mwanga wapita. Kwa hiyo kabla mkasi haujaingia, mwenye kanga na aulizwe. Mjukuu aseme, “Nyanya, hii naweza kuikata?” na nyanya akijibu, “Iache,” iachwe. Mabaki ya fundi hayana maneno na hayamhuzunishi mtu.

Kitambaa kipya, hasa chekundu na cheusi, hutoa rangi. Jambo hili ladhaniwa kuwa dogo mpaka siku mvua inapoanguka juu ya arusi iliyofanywa uani, na koja jekundu linapoanza kudondoka juu ya shela nyeupe ya bibi arusi. Dawa yake ni moja: kila rangi ifuliwe peke yake kabla ya kukatwa, mara mbili au tatu, mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe. Kisha kipande kidogo kilicholowana kishinikizwe juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha alama, kirudishwe majini. Kitambaa ambacho hata baada ya kufuliwa mara nyingi bado chaacha alama kitumiwe ndani ya nyumba tu. Faida nyingine ya kufua kwanza ni kwamba pamba hunywea, na ni heri inywee kabla ya kupimwa kuliko baada ya kushonwa.

Ni lazima pia kujua kitambaa kimefanywa kwa kitu gani, maana si vyote vyaungua namna moja. Mshonaji achomoe nyuzi chache, azishike kwa koleo juu ya sufuria yenye maji, mbali na watoto na mbali na kitambaa chenyewe, kisha aziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu mepesi ya kijivu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Tetroni na nguo nyingine za poliesta huyeyuka, na zikipoa huwa tone gumu jeusi lisilopondeka kwa vidole. Tone hilo likiwa la moto hushika ngozi na kuunguza mpaka ndani. Tetroni yafaa kwa koja la uani mchana, kwa kuwa haichujuki rangi upesi na hukauka haraka, bali isitundikwe mahali penye moto juu ya vichwa vya watu.

KUPIMA NA KUKATA VIBENDERA

Koja linalojulikana zaidi ni la vibendera vya pembe tatu, mfano wa mahamri. Vipimo vyaweza kuwa vyovyote, lakini mtu akikata bila hesabu atatupa nusu ya kitambaa chake bila kujua. Basi ichukuliwe sebule ya kawaida yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kuta zake nne zikijumlishwa ni mita 14. Vibendera viwe na upana wa sentimita 20 juu na urefu wa sentimita 25 toka juu mpaka nchani, na kati ya kibendera na kibendera iachwe nafasi ya sentimita 5. Kila kibendera pamoja na nafasi yake kitachukua sentimita 25 za kamba, yaani vinne kwa mita moja. Kwa mita 14 vitahitajiwa vibendera 56.

Kanga moja huwa na urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama sentimita 110. Ikatwe kwanza kuwa kanda nne, kila moja sentimita 25 kwa 150. Sasa ndipo akili inapotakiwa. Mwenye haraka ataweka kielelezo chake, akate, asogee sentimita 20, akate tena, vyote vikielekeza ncha chini. Atapata vibendera 7 katika ukanda mmoja, na pembe tatu zote zilizobaki katikati atazifagia. Mwenye kufikiri atageuza kielelezo kila mara, ncha moja chini na ya pili juu. Cha kwanza kitachukua sentimita 20, na kila kinachofuata kitaongeza sentimita 10 tu, kwa sababu chalala ubavuni mwa mwenzake. Katika sentimita 150 atapata 14, na katika kanda nne atapata 56. Kwa hiyo kanga moja yatosha kuzunguka sebule nzima. Bado utasalia ukanda wa sentimita 10, ambao huchanwa vipande vya kufunga.

Bila shaka kanga iliyochakaa haitatoa vyote 56, maana patakuwa na matundu mahali ilipokuwa ikifungwa kila siku. Pengo hilo lijazwe kwa rangi nyingine, na mara nyingi koja hupendeza zaidi kwa kuchanganya. Jambo la kuangalia ni kwamba vibendera nusu vitakuwa vimegeuzwa juu chini. Kwa kitambaa cha maua au cha madoa hakuna atakayejua. Kwa kitambaa chenye ndege au maandishi, ndege nusu watasimama kwa vichwa. Kitambaa cha namna hiyo kikatwe upande mmoja tu, na hasara ikubaliwe, au vibaki vitumiwe kwa maua.

Kielelezo hufanywa kwa karatasi ngumu, kama ya sanduku la sabuni. Upande wa sentimita 20 ukunjwe katikati ili kupata kati yake, na kutoka hapo ipimwe sentimita 25 wima. Asiye na rula asikate tamaa. Wazee walipima nguo kwa mwili: shibiri ni toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho vikitanuliwa; shibiri mbili ni mkono mmoja; mikono miwili ni wari; wari mbili ni pima, yaani mikono miwili ikinyoshwa huku na huku. Shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 23, na kwa hiyo shibiri moja yatosha kabisa kuwa urefu wa kibendera. Sharti ni moja, kwamba mpimaji awe yule yule toka mwanzo hadi mwisho, kwani shibiri ya baba si shibiri ya binti.

Kitambaa kina nyuzi za mtande, ziendazo urefu, na nyuzi za mshindio, zikatazo upana. Kikikatwa kufuata uzi hufumuka. Kikikatwa mshazari hufumuka kidogo. Mbavu za kibendera huwa zimelala kidogo, na kwa ajili hiyo hustahimili kuliko mtu anavyotazamia. Mwenye mkasi wa meno atumie huo, naye hatahitaji kupiga upindo. Asiye nao achague moja ya njia mbili: ama akunje upindo mwembamba na kushona, jambo ambalo kwa vibendera 56 ni kazi ya kuchosha kweli; ama akate umbo la kashata badala ya umbo la mahamri. Kashata hiyo iwe na upana wa sentimita 20 katikati na urefu wa sentimita 50 toka ncha hadi ncha. Ikikunjwa juu ya kamba hufanya kibendera cha pande mbili, na kingo mbili zikishonwa pamoja kwa bandi hushikana zisifumuke. Hutumia kitambaa mara mbili, lakini koja la namna hii hutazamika vema kutoka pande zote, na kwa koja la kuvuka ua au barabara ndilo lifaalo.

KUTIA KAMBANI

Kamba ya katani ni imara na hupatikana kila mahali, ila ina miiba inayokwaruza kitambaa na vidole. Afadhali kamba ya pamba iliyosokotwa, au utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 3 uliokunjwa mara mbili. Kwa sebule iliyotajwa juu, kamba isiwe moja bali nne, kila ukuta na yake: mbili za vibendera 16 na mbili za vibendera 12. Kamba moja ndefu ya mita 14 ni taabu kutundika, ni taabu kufua, na ikikatika mahali pamoja yote huanguka.

Watu wengi huogopa kwamba kamba itakuwa fupi ikilegezwa ipate kupinda kama upinde, basi huongeza mita nzima au zaidi, na matokeo yake koja huburura mpaka kwenye vichwa vya wageni. Kwa kweli nyongeza inayohitajiwa ni ndogo ajabu. Kwa ukuta wa mita 4, koja likitakiwa lishuke kama sentimita 40 katikati, kamba yahitaji kuzidi ukuta kwa kama sentimita 11 tu. Zaidi ya hapo iachwe nusu mita kila mwisho kwa ajili ya kufungia. Hivyo kwa kuta zote nne mita 19 za kamba zatosha.

Sentimita 2 za juu za kila kibendera zikunjwe juu ya kamba na kushonwa kwa uzi maradufu, mishono iwe midogo. Kazi haijaisha hapo. Kibendera kikiachwa huru kwenye kamba, mara koja litakapotundikwa vyote vitateleza kuelekea katikati palipo chini, vikusanyike kama nguo za kufuliwa, na pembeni pabaki kamba tupu. Kwa hiyo kila kibendera kipigwe mishono miwili au mitatu inayopenya kamba yenyewe, mmoja kila pembe.

Vibendera vya pamba kuukuu hujikunja ncha. Zitanyoka zikitiwa dondo ya unga wa muhogo: vijiko viwili vya unga vikorogwe katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha vimiminwe katika lita moja ya maji yachemkayo, huku vikikorogwa mpaka uji uwe mwepesi na wa kupenya mwanga. Ukipoa, vibendera vichovywe, vikamuliwe, na kupigwa pasi vingali na unyevu. Pasi ya makaa ipanguswe chini kwanza, maana masizi juu ya dondo hayatoki.

KOJA LISILOTAKA SINDANO, NA KOJA LA MAUA

Kwa mtu asiye na muda, au mwenye watoto wengi wanaotaka kushiriki, koja la kufunga ndilo jepesi. Kitambaa huchanwa vipande vyenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 25. Pamba haihitaji hata mkasi baada ya mkato wa kwanza ukingoni. Huchanika yenyewe kwa kufuata uzi, na nyuzi zinazoning'inia huongeza uzuri. Kila kipande hukunjwa katikati, kikapitishwa nyuma ya kamba, na ncha zake mbili hupenyezwa ndani ya kitanzi na kukazwa. Vipande hubanwa kimoja kwa kimoja mpaka kamba isionekane. Kwa mita moja vitaingia kama 50, zaidi au pungufu kwa kadiri ya unene wa nguo. Koja hili hupokea kila rangi na kila aina ya kitambaa. Ukanda uliosalia katika kanga hupata kazi hapa: sentimita 10 kwa 150 hutoa vipande 18.

Koja la maua lataka kazi zaidi, lakini ndilo zuri kuliko yote, na mshonaji aliyelijua hatarudi kwenye vibendera isipokuwa kwa kubanwa na wakati. Mviringo wa sentimita 10 huchorwa kwa kuzungusha mdomo wa kikombe kikubwa juu ya kitambaa. Kanga moja hutoa mizunguko 15 kwa 11, yaani 165. Ukingo hukunjwa nusu sentimita na kupigwa bandi kuzunguka pande zote kwa uzi maradufu wenye fundo, kisha uzi huvutwa polepole mpaka kingo zote zikutane katikati na kuwa kama mdomo wa mfuko. Hukazwa, hufungwa, na ua hubanwa kwa kiganja liwe bapa. Lililokwisha huwa na upana upungukao nusu ya ule wa kwanza, kama sentimita 4 na nusu.

Ziko siri mbili. Wanaoanza hudhani mishono midogo ndiyo bora, hapa sivyo. Mishono midogo hufanya mikunjo mingi myembamba isiyoweza kukutana, na katikati hubaki tundu kubwa. Mishono ya nusu sentimita au kuzidi kidogo hufunga vizuri. Siri ya pili ni uzi: uzi mmoja hukatika wakati wa kuvuta, na kazi yote huanza upya. Maua hayo huungwa ubavu kwa ubavu, 22 kwa mita moja, au hutungwa kwa kupitisha sindano katikati, ambapo hulala mgongo kwa uso kama vipande vya mshikaki na koja huwa nene kama kifundo cha mkono. Kwa asumini ya kitambaa cheupe yafaa mviringo wa sentimita 6, na kati ya ua na ua kutiwa kipande cha majani mabichi.

RANGI, KUTUNDIKA, NA MOTO

Rangi zichaguliwe kwa kutazama ukuta na saa ya sherehe. Kwenye ukuta wa udongo, rangi ya kahawia na ya damu ya mzee hupotea; nyeupe, manjano na buluu huita jicho kutoka mlangoni. Sherehe ikiwa ya usiku, nyekundu huonekana nyeusi katika mwanga hafifu, na kijani cha giza huwa kama hakipo. Siku ya Jamhuri, inayokumbuka tarehe 12 Desemba, watu hupenda nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, rangi zilizopandishwa mlingotini usiku wa uhuru mwaka 1963. Vibendera vya rangi hizo, kila kimoja rangi yake, ni pambo la heshima. Bendera yenyewe ya taifa, yenye ngao na mikuki, ina sheria yake, nayo haikatwi wala kugeuzwa utepe wa ukutani.

Misumari ya koja ipigwe juu ya kimo cha mtu mrefu akiinua mkono. Uani, kamba ifungwe kwenye mti au kwenye mti wa hema, kamwe isifungwe kwenye nguzo ya umeme wala kupita karibu na waya wake, kwa kuwa kamba iliyolowa mvua hupitisha umeme. Koja lisivukishwe juu ya kitanda cha mtoto mchanga, hata kama sherehe ni yake. Mtoto anayeanza kusimama hushika kila kinachoning'inia, na kamba shingoni mwa mtoto huua kimya kimya wakati watu wazima wanapiga makofi chumba cha pili. Sherehe ikiisha, makoja yashushwe usiku ule ule, yasiachwe mpaka kesho watoto wakabaki nayo peke yao.

Juu ya moto hakuna utani. Pamba nyepesi iliyoning'inia, yenye hewa pande zote, hushika moto kwa sekunde chache, na moto hupanda juu upesi kuliko uendavyo pembeni. Katika nyumba ya makuti au ya nyasi, koja moja lililoshika mshumaa laweza kuifikisha ndimi darini kabla mtu hajapata kusimama kitini. Kwa hiyo kati ya koja na mshumaa, koroboi, karabai au jiko pawe na nafasi ya mita moja kwa uchache, na juu ya moto wowote kusiwe na pambo kabisa, hata kama liko mbali, maana kamba hukatika na upepo husukuma. Keki yenye mishumaa isiletwe chini ya koja. Ni mishumaa inayokwenda mahali pa wazi, wala si watu wanaosogeza koja dakika ya mwisho kwa fimbo. Ndoo ya maji au ya mchanga ikae mlangoni, na mtu mmoja mzima ajue kwamba kazi yake ni kuiangalia.

VYAMA VYA AKINA MAMA

Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona pamoja na upishi, usafi wa nyumba na malezi ya watoto, na katika vikundi vingi vya akina mama ufundi huo haukupotea. Kikundi cha wanawake kumi, kila mmoja akishona koja moja la mita 4 mnamo mwezi mmoja, kitakuwa na mita 40, nazo zatosha kupamba kanisa dogo au hema la arusi. Mwanachama huazima bure. Asiye mwanachama hukodishiwa kwa ada ndogo. Iwepo daftari yenye safu nne: jina la mwazimaji, idadi ya makoja, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Kila koja lishonewe mwishoni kipande cheupe chenye namba yake, kwa sababu bila namba hakuna atakayekubali kwamba lililochanika ni lile aliloazima yeye.

KUFUA NA KUWEKA

Koja la pamba hufuliwa kwa mkono katika maji ya vuguvugu, likiwa limefungwa ndani ya foronya ya mto ili kamba isijisokote. Hukaushwa kivulini, maana jua kali hula rangi. Lile lililotiwa dondo lazima lifuliwe litoke dondo kabla ya kuwekwa, kwa kuwa mende hupenda wanga, nao hutafuna wanga pamoja na kitambaa. Likikauka kabisa lizungushwe juu ya kipande cha boksi, toka mwisho mmoja hadi wa pili, vibendera vikilazwa bapa, na ncha ya kamba ipachikwe kwenye mkato ubavuni mwa boksi. Majani makavu ya mwarobaini yatiwe sandukuni pamoja nalo kufukuza wadudu. Sanduku liwekwe mahali pakavu, juu ya sakafu, na boksi liandikwe juu yake urefu wa koja na idadi ya vibendera, ili siku itakapotakiwa kupamba chumba kingine mtu asilazimike kulifungua lote apate kulipima.